Bastola ya Chanjo

"Shika shingo, usishike masikio," Kisyeri alisema, na Godwin akahamisha mikono yake. Ndama alitulia. Mzee aliinua ngozi ya bega kwa vidole viwili, akachoma, akasukuma dawa taratibu, akachomoa. Kisha aliing'oa sindano kwenye bomba, akaitupa ndani ya mkebe, akafungua nyingine mpya kwa ajili ya ndama aliyefuata.

Ndama kumi na wanne, sindano kumi na nne. Kijiji kizima cha Kenyamonta kilimcheka kwa hilo. Wachanjaji wengine walimaliza zizi zima kwa sindano moja mpaka ikapinda, na ng'ombe waliendelea kula majani na kuzaa. Kisyeri hakujali. Ukimwuliza sababu, alikujibu kwa swali: wewe ungekubali kuazima mswaki wa jirani? Watu walicheka, wakamwita Daktari, ingawa hakuwahi kuwa daktari wa mtu wala wa mnyama. Alikuwa mhudumu wa tiba jeshini kwa miaka kumi na miwili, akatoka koplo, akarudi nyumbani na mikono iliyojua kazi moja tu.

Zizi lilikuwa la Ryoba, rafiki yake tangu utotoni. Ryoba mwenyewe hakutoka nje siku hizi. Tumbo lilikuwa limemjaa maji, miguu imevimba, na weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka manjano. Ndiyo maana Godwin, mwanawe wa kwanza, alikuwa ameacha kazi yake ya ufundi wa mashine za kusagia mawe ya dhahabu kule Nyamongo, akarudi kushika ndama.

Walipofika kwa ndama wa kumi, Godwin alisema bila kuinua uso kwamba mganga amefika tangu jana. Anaitwa Mboje, mtu wa Shinyanga, aliyekuja Nyamongo kufuata dhahabu kama wengine, akaona kuna faida zaidi katika kuwaagua wachimbaji. Leo saa kumi jioni angefanya kazi pale nyumbani.

"Tata, usichelewe," Godwin alisema. "Na mwanao Vincent aje. Anataka wazee waliobaki na wana wa kwanza wote. Atatuchanja chale kwa wembe mmoja."

Kisyeri alikuwa ameshika sindano ya kumi na moja. Aliuliza kwa nini mmoja.

"Kwa sababu mlikatwa kwa kisu kimoja. Anasema kilichofungwa kwa kisu kimoja kinafunguliwa kwa wembe mmoja. Anaanza na aliye zamu."

Aliye zamu alikuwa Ryoba. Kijiji kizima kilijua zamu ilivyokwenda. Walikuwa vijana saba wa msimu mmoja wa tohara, waliosimama asubuhi moja ya baridi mbele ya ngariba mmoja, wa kwanza hadi wa saba, na kwa desturi ya huku mpangilio ule haufutiki. Aliyekatwa kabla yako hutangulia mpaka mnazeeka. Watoto wake ni watoto wako. Huwezi kumwoa binti yake, na mwanawe hukuita tata kama anavyomwita baba aliyemzaa. Wa saba alibaki Uganda vitani, kwa risasi, kabla hajaoa. Wale wengine walirudi, wakaoa, wakazeeka. Halafu wa kwanza akavimba tumbo, akafa. Baada ya miaka mitatu akafuata wa pili, kisha wa tatu. Kwenye matanga ya wa nne, mwaka jana, mtu mmoja alihesabu kwa vidole na kusema kwa sauti jambo ambalo wengine walikuwa wakilifikiria: wanakwenda kama walivyokatwa.

Wa tano ni Ryoba. Wa sita ni Kisyeri.

Tangu matanga yale watu walimsalimu Kisyeri kwa sauti ya chini. Mwenyekiti wa kijiji alimpisha kiti. Mkewe Boke alimpikia yai kila asubuhi na kumkagua macho kwenye mwanga wa mlango kabla hajatoka, na zaidi ya mara moja Kisyeri alimkuta akilia jikoni. Hakuna kitu kilichomuumiza kama lile yai. Alilila kila siku, akamshukuru mkewe, na kila siku alijua kwamba zamu haitamfikia. Alijua kwa sababu siku ile hakusimama kwenye foleni. Siku ile yeye ndiye aliyeshika bastola.

Aliwachanja ndama wanne waliobaki, akakataa chai ya Wegesa, mke wa Ryoba, akashika njia ya kwao.

*

Yeye alikuwa ametangulia jeshini miaka miwili, akafundishwa kazi ya tiba. Ulipoanza mwaka wa vita, wenzake sita waliletwa makuruta kwenye kambi ileile ya mafunzo, kambi ambayo leo haipo tena. Asubuhi ya kuondoka kwenda mstari wa mbele ilibidi watu mia tatu wachanjwe kabla malori hayajawaka. Mashine ya kazi hiyo ilikuwa ya chuma, ina kishikio na kifyatulio kama bastola, na mpira mrefu ulioshuka hadi kwenye kanyagio. Unakanyaga kwa mguu, unabana pua yake kwenye mkono wa mtu, unafyatua. Dawa inapenya ngozi kwa msukumo mtupu, bila sindano. Waliokuwa wakiogopa sindano waliipenda mpaka walipoionja. Ilipiga kwa nguvu, na aliyetikisika ilimchana.

Kisyeri alifundishwa kufuta pua kwa pamba yenye spiriti baada ya kila mtu, na kuibadilisha kabisa ikipata damu. Pua ya akiba haikuwepo. Pamba iliisha watu hawajafika mia. Kapteni alisimama nyuma yake na saa mkononi, akamwambia tumia kitambaa, songa. Kijana wa miaka ishirini angemjibu nini kapteni? Alitumia kitambaa. Baadaye kitambaa chenyewe kililowa, naye akaendelea nacho.

Akaja kuruta mmoja, Salvatori, mtu wa kusini, mwembamba, mwenye macho ya manjano. Alitikisika. Damu ilimchuruzika hadi kwenye kiwiko na kuichafua pua yote ya bastola. Kisyeri aliipangusa kwa kitambaa kile, akatazama nani anafuata, na akawaona wenzake wa nyumbani wamesimama wakicheka. Hakuna aliyewapanga. Walikuwa wamejipanga wenyewe kwa mpangilio wa tohara, wa kwanza mbele, na kati ya Ryoba na wa saba walikuwa wameacha nafasi ya mtu mmoja.

"Yako hiyo, mura," Ryoba alimwambia, kwa neno la Kikurya la kumwita kijana mwenzako. "Ukimaliza kutuua, njoo usimame."

Walicheka wote, naye akacheka. Akamshika kila mmoja bega, akamwambia asitikisike, akafyatua. Miezi mitatu baadaye, kwenye hema la majeruhi, alisikia kwamba Salvatori amerudishwa kwao, ini limeharibika. Alikumbuka ile damu kwenye pua ya bastola, akaisukuma pembeni. Vita ilikuwa na mambo mengine ya kufikiria, na ya kale, watu husema, hayanuki.

Yalianza kunuka mwezi wa tatu mwaka huu. Alimsindikiza Ryoba hospitali moja mjini Tarime, na nesi mmoja mpole, Theodora, akamwita Kisyeri pembeni kwa kuwa ndiye aliyeonekana kuzielewa karatasi. Alimweleza kwamba ni homa ya ini, aina ya C, inayopita kwa damu na kukaa mwilini miaka arobaini ikila polepole. Dawa ipo, vidonge vya miezi mitatu, inapatikana Mwanza; mgonjwa apelekwe ndani ya mwezi mmoja, kabla ini halijashindwa kabisa. Aliuliza kama mzee aliwahi kuongezewa damu, au kuchomwa kwa kifaa kimoja na wenzake. Kisyeri alijibu kwamba hajui. Kisha akaomba apimwe yeye pia. Majibu yake yalitoka safi, na hajawahi kuona karatasi ya kutisha kama ile.

Nje, chini ya paa la kusubiria, alimwambia Ryoba kwamba ini limechoka, apumzike, aache pombe. Ryoba alimwamini. Angemwamini nani, kama si Daktari?

Hilo ndilo lililomla. Bastola ilikuwa ya vita na ya kapteni, na mtu angeweza kusema ilikuwa amri. Lakini ile sentensi ya chini ya paa ilikuwa yake peke yake. Kila wiki alipanga kwenda kusema, na kila wiki aliona jinsi mazungumzo yatakavyokwenda: atataja dawa, Ryoba atauliza ugonjwa umetoka wapi, naye atalazimika kujibu. Aliogopa, basi. Aliona aibu, na aibu ya mtu anayeheshimiwa ni nzito kuliko ya mlevi. Mwezi mmoja ukawa miwili, miwili ikawa minne, na maji yakapanda tumboni mwa rafiki yake. Wahenga walimsema mtu afichaye maradhi. Hawakumsema afichaye maradhi ya mwenzake.

*

Saa tisa alipita dukani kwa Rose, akanunua pakiti mbili za nyembe. Rose aliuliza kama kuna tohara. Hakujibu. Njiani aliuona mpango wake kuwa mzuri: kila mtu apewe wembe wake, kama wanavyofanyiwa watoto kwenye tohara siku hizi, na mganga afanye dua zake zote anazotaka. Hakuna mtu atakayeumia, na hakuna jambo litakalohitaji kusemwa. Vincent, mwanawe, alitembea kando yake akiongea habari za mvua. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Ringwani, hakuwaamini waganga, lakini alikuja kwa sababu mama yake alimlilia.

Uani kwa Ryoba watu walikuwa wamekwisha kukaa. Ryoba aliletwa nje, akawekwa kwenye kiti chenye mto. Kwenye benchi walikaa wana wa kwanza sita wa wale wazee, watu wazima wenye watoto wao, kila mmoja amekunja mkono wa shati la kushoto. Mboje alikuwa mtu wa makamo, nadhifu, mwenye sauti ya taratibu. Alimwamkia Kisyeri shikamoo kwa adabu, akazipokea zile nyembe kwa mikono miwili, akazitazama, na kumrudishia.

Alisema hazitafaa. Nyembe nyingi ni njia nyingi, na mauti yatapita yanapotaka. Kisyeri alijaribu tena. Alisema siku hizi hata ngariba hakubaliani na kisu kimoja, kuna magonjwa. Wazee waliokaa kwenye viti walinung'unika. Mmoja alisema Daktari anatibu watu kama ndama zake, na watu wakacheka kidogo, kicheko cha kupunguza hofu. Ryoba naye akatabasamu kwenye kiti chake.

"Mura, kaa," alisema. "Umehangaika na mimi vya kutosha. Acha na hawa wajaribu."

Kisyeri alikaa. Alijiambia kwamba dua itakuwa ndefu, kwamba kuna muda. Mganga wa kwao angezungumza mpaka jua lizame. Lakini Mboje alikuwa mganga wa migodini, amezoea wateja wenye haraka. Alisema maneno machache ya Kisukuma, akatoa wembe wake kwenye karatasi, akamchanja Ryoba chale tatu juu ya kifundo cha mkono. Damu ilitoka nyepesi na nyingi. Akapaka unga mweusi, na bila kuufuta wembe akamgeukia aliyekaa karibu.

Godwin alinyoosha mkono.

Kisyeri alifungua kinywa. Yapo mambo ambayo mtu huyaona yakija kwa hatua moja moja na bado hayafikii. Aliona wembe, aliona mkono wa Godwin wenye alama za moto wa kuchomelea vyuma, aliona ule mshipa. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Akalitafuta, na chale tatu zikawa zimekwisha kuchanjwa, na Godwin akawa anapuliza mkono wake kama mtoto.

Mboje akamfikia yeye. Na hapo, jambo la ajabu, Kisyeri alihisi nafuu. Alikunja shati haraka kuliko alivyotakiwa. Wembe ulipomchana alifikiri, vema, sasa nimesimama kwenye nafasi yangu. Sasa tuko sawa. Alikaribia kucheka kwa raha. Miezi minne hakuwahi kupata hewa nyingi kifuani kama alivyoipata kwa kitambo kile kifupi.

Kisha Mboje akapiga hatua moja upande, na Vincent akanyoosha mkono.

Kisyeri hakujua amesimama saa ngapi. Alikuwa amemshika mganga kiganja, amekibana kwa nguvu za mtu aliyezoea kushika fahali, na wembe ulikuwa umeanguka mavumbini.

"Asiguswe," alisema. "Hii si laana. Ni ugonjwa wa damu, na mimi ndiye niliyeuleta."

Aliwaambia yote, akiwa amesimama, bila kumwachia mganga mkono. Bastola, Salvatori, kitambaa. Aliwaambia na hospitali, na Mwanza, na vidonge vya miezi mitatu. Sauti yake ilitoka kama taarifa ya zamu anayokabidhiwa ofisa. Mboje alijichomoa polepole, akakusanya vitu vyake, na muda si mrefu bodaboda yake ilisikika ikishuka kuelekea barabara kuu. Alikuwa na akili kuliko wote waliobaki.

Ryoba alitazama mkono wake wa kushoto, juu, karibu na bega, mahali ambapo palikuwa pamepigwa miaka arobaini na zaidi iliyopita.

"Uliniambia nisitikisike," alisema. "Sikutikisika."

"Najua."

"Na dawa ipo."

"Ipo, Ryoba. Ilikuwepo tangu mwezi wa tatu."

Ryoba alitikisa kichwa kama mtu anayeambiwa bei ya ng'ombe aliyekwisha kuuza. Godwin ndiye aliyeinuka. Alikuwa mtu mrefu, na watu wakamshika mabega pande zote mbili wakidhani atapiga. Hakupiga. Alinyoosha mkono wake wenye unga mweusi na damu iliyokuwa ikishuka hadi vidoleni, akauweka mbele ya macho ya Kisyeri.

"Ulijua wakati wembe uko kwa baba," alisema. "Ulijua ulipokuja kwangu. Umesema ulipofika kwa Vincent."

Kisyeri alitazama zile chale tatu.

"Na mimi je, tata?"

Vincent alianza kusema kitu kumtetea baba yake, akaishia njiani. Alishusha macho kwenye mkono wake mwenyewe, uliokuwa mzima, akaanza kuushusha mkono wa shati na kufunga kifungo, na vidole vyake vikawa vinakikosa kile kifungo. Wale wanne waliobaki kwenye benchi nao walishusha mashati yao. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Wegesa alitoka jikoni na ndoo ya maji na kipande cha sabuni. Hakumwuliza mtu yeyote. Alimketisha mwanawe kwenye jiwe la kufulia, akaushika ule mkono juu ya mavumbi, akaanza kumimina kwa kikombe. Kisyeri alijua jinsi ya kufanya, alijua kwamba maji yapite tu na jeraha lisisuguliwe, akasogea hatua mbili kumwelekeza.

"Rudi ulipokuwa," Wegesa alisema kwa Kikurya, bila kugeuka.

Alirudi. Kutoka pale aliona unga mweusi ukitoka, kisha damu, kisha maji mekundu, kisha maji ya kawaida yakitiririka kwenye udongo na kutengeneza kijito chembamba kuelekea zizini. Mkono ulikuwa umetakata. Wegesa aliendelea kumimina. Ndoo ilipokwisha alimtuma mkwewe kisimani kwa nyingine, na ile nyingine ilipofika alianza upya, kikombe baada ya kikombe, Godwin amekaa amefumba macho.

Kuna mtu uani alisema, mama, inatosha. Wegesa aligeuka kwa mara ya kwanza, akamtazama Kisyeri, kikombe kikiwa kimejaa mkononi, akamngoja yeye aseme kama inatosha.